Ubao wa Maziwa ya Mkebe

Mama mkwe wangu alimchukua mtoto siku ya soko, asubuhi. Alimfunga mgongoni kwa leso yangu mwenyewe, akapanda lori la viazi lililokuwa likirudi Molo tupu. Mtoto alikuwa ameanza kutembea kwa kushikilia ukuta. Nilisimama mlangoni nikatazama kisogo chake mpaka lori likakata kona, kisha nikaingia ndani nikaosha sufuria. Sikulia. Majirani walingoja nilie, wakachoka, wakaenda sokoni.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kumwachisha ziwa. Desturi hiyo kila mtu anaijua. Wakati ukifika mtoto anapelekwa kwa nyanya yake, anakaa huko mpaka asahau titi, halafu anarudishwa kwa mama. Na kila mtu anajua pia kwamba wako waliopelekwa kuachishwa ziwa wakarudi wakiwa na meno ya pili. Mume wangu ni mmoja wao. Alipelekwa kwa nyanya yake hajui kusema, akarudi kwao anajua kuchunga mbuzi.

"Hapa mjini atakula nini?" mama mkwe aliniuliza. "Vumbi?"

Kweli vumbi lilikuwako. Mwaka ule Ziwa Nakuru lilikuwa limekauka kingo, na upepo ukivuma mchana chumvi nyeupe iliingia mpaka ndani ya sufuria. Chumba chetu cha mtaa wa Bondeni kilikuwa na ukuta mmoja unaotoka maji, na mtoto alikuwa na kikohozi. Hayo yote aliyataja, moja baada ya jingine, na hakusema uongo hata kwa moja.

"Siku utakayopata kazi ya kueleweka, njoo umchukue. Sitakunyima," alisema. "Lakini hii ya kuzunguka na ndugu yako mkichorachora kuta za watu, hiyo si kazi. Mtu akiniuliza mke wa mwanangu anafanya nini, nimwambie nini? Anachora?"

Mume wangu alikuwa mtia makaa wa garimoshi, yuko njiani siku nyingi kuliko alizolala nyumbani. Aliporudi nikamwambia mama yake ameondoka na mtoto. Akavua buti, akasema, "Mama anajua mambo ya watoto." Akalala. Nilimtazama akilala. Kama ningekuwa na kitu kizito mkononi sijui kingetokea nini, lakini nilikuwa na kijiko.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilitakiwa nipate kazi ya kueleweka, au mtoto wangu ajue nyumba nyingine kuwa kwao.

Kazi ya kueleweka niliwahi kuwa nayo. Nilisoma mpaka sekondari, katika mji ambao wasichana waliofika huko ungeweza kuwaweka kwenye benchi moja la kanisa na nafasi ikabaki. Nikawa mwalimu. Tumbo lilipoanza kuonekana, mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia kwamba mwalimu mwenye tumbo anafundisha wasichana somo lisilo kwenye ratiba. Nilikuwa na mume wa ndoa, na cheti chake nilikuwa nacho. Nikamuuliza kama mke wake yeye alizaa kwa kupiga chafya. Hapo ndipo ualimu wangu ulipoisha.

Ndugu yangu, mkubwa wangu, alikuwa akipaka maandishi kwenye milango ya malori: jina la mwenye lori na uzito wa mzigo. Wakati mwingine mwenye duka alimwomba amwandikie kibao. Alikuwa na mkono mzuri na hakuwa na maneno. Mtu akimwambia, "Niandikie kitu cha kuvuta watu," yeye aliandika DUKA. Mimi nikamwambia tufanye pamoja, brashi yako, maneno yangu. Tukapaka sanduku la nyuma ya baiskeli yake: MATANGAZO YA KILA NAMNA. Hatukuwa na mteja wa namna yoyote.

Mtoto alipoondoka nikaanza kuwatafuta hao wateja kama mtu anayetafuta mwizi. Nilipita veranda moja baada ya nyingine.

Kwenye duka la nguo mwenyewe, Mhindi mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniuliza, "Mama, wewe nauza nini?"

"Maneno."

"Maneno?" Akamgeukia mke wake aliyekuwa nyuma ya majora. "Sikia hii. Huyu nauza maneno." Halafu akaniambia, "Mimi iko maneno mingi sana nyumbani. Toka asubuhi mpaka usiku. Chukua ya huyu, peleka sokoni, mimi taongeza wewe na pipi."

Mkewe akamrushia kipande cha kitambaa. Walicheka wote wawili, vizuri, kama watu wanaopendana. Nikatoka.

Kwenye hoteli ya chai mwenyewe alikuwa mtu wa Bondeni kama sisi, baba yake alitoka pwani, mtu wa kanzu na adabu. "Karibu binti yangu. Lakini mimi tangazo la nini? Mahamri yangu yanajitangaza. Ulipokuwa unakuja hukusikia harufu?"

"Nimesikia. Ya mafuta ya juzi."

"Mlango ni huo, binti yangu."

Mwenye bucha hata hakuacha kukata. "Mimi natangaziwa na nzi," alisema. "Wakiwa wengi, watu wanajua leo nimechinja."

Jioni ndugu yangu aliniuliza nimepata wangapi. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza tena nilichowaambia. Nikamwambia.

"Yaani unataka kazi kwa mtu na bado unamtukana mafuta yake?"

"Yalikuwa ya juzi."

"Dada, hata kama yalikuwa ya mwaka jana."

Wakati huo wote matiti yangu yalikuwa mawe. Mtoto anaachishwa ziwa, lakini hakuna anayeliambia ziwa. Jirani yangu, mwanamke mzima aliyezaa mara nyingi, alinifunga kifua kwa kitambaa cha kaniki, akakaza mpaka nikaona nyota, akaniambia nikizidiwa nikamue kwenye kikombe nikatupe mbali, nisimwage uani watu wanapopita. Nilimwaga uani. Mwanzoni maumivu yalikuwa makali hata nikapanda kitandani kwa magoti. Baadaye hayakuwa makali. Baadaye tena ilikuwa kama kifua cha mtu mwingine ambacho nimeazimwa nikitembeze mjini.

Ilikuwa katika hali hiyo ndipo nilipouona ubao.

Ulikuwa umewekwa kwenye ua wa soko, pale wanapoingilia wachukuzi wa magunia. Ubao mkubwa, mpya, rangi ya bluu, na chini yake picha ya mkebe. Kulikuwa na Mzungu aliyefungua ghala karibu na stesheni akileta maziwa ya unga ya mikebe, ya watoto. Wazungu walikuwa wakinunua. Sasa alitaka Waafrika nao wanunue. Ubao ulisema hivi:

MAMA! MAZIWA YAKO MDOGO? NUNUA YETU MKUBWA.

Wachukuzi walikuwa wameacha kazi. Wasiojua kusoma walisomewa na wanaojua, na kila aliyesomewa alitaka asomewe tena. Mwanamke akipita na kikapu walimpigia kelele, "Mama, simama kidogo! Mzungu anauliza yako ni ya kiasi gani!" Mmoja mrefu, mwenye kofia ya gunia, akaniona.

"Mwacheni huyo," akasema. "Huyo ana duka lake. Tazameni, limejaa mpaka linamwagika."

Nikajitazama. Blauzi ilikuwa imelowa pande zote mbili. Kitambaa cha jirani kilikuwa kimeteremka mpaka tumboni.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Najua nilipaswa kuona aibu, au kumrukia yule mrefu. Sikuona kitu. Nilibaki pale nikausoma ubao mara nyingine kama mwalimu anayesahihisha, na jambo la kwanza lililonijia kichwani ni kwamba maziwa hayawi mdogo wala mkubwa, yanakuwa madogo na makubwa. Jambo la pili ni kwamba huyu mtu ana fedha ya ubao na hana maneno.

Nikaenda stesheni vilevile nilivyokuwa, blauzi ikikaukia mwilini.

Mzungu mwenyewe alikuwa kijana, kaptura, magoti mekundu, amekaa juu ya sanduku la mikebe akiandika. Aliniangalia.

"Wewe nataka nini? Kama kazi ya yaya, hapana hapa. Kwenda nyumbani kwa memsahib."

Nilimjibu kwa Kiingereza. Kiingereza cha sekondari, kimenyooka, kila neno mahali pake: kwamba nimekuja kwa sababu ya ubao wake wa sokoni, na kwamba ubao huo unamharibia biashara. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa Kiswahili chake, kana kwamba nilichosema kilikuwa mvua juu ya mabati na yeye alikuwa anangoja ipite.

"Ubao mzuri. Watu yote naangalia."

Basi nikamfuata huko huko kwenye Kiswahili. "Wanaangalia kwa sababu umewaambia una matiti makubwa."

"Nani nasema titi?"

"Wewe. Kwa rangi ya bluu."

Uso wake ukawa kama magoti yake. Nikamweleza. Kwetu neno ni hilo hilo moja, maziwa ya kunywa na maziwa ya kifuani, na ukimwambia mama kwamba yake ni madogo anunue yako makubwa, hakuna atakayefikiria mkebe. Nikamuuliza nani alimwandikia.

"Mimi mwenyewe nasema, mpishi naandika. Mpishi yangu najua Swahili sana. Yeye toka Mombasa."

"Na mpishi hakukuambia kitu?"

"Yeye nasema, ndiyo bwana."

Nikamwelewa yule mpishi. Nadhani kama ningemwona siku ile ningempa mkono.

Mzungu akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Akaniuliza mimi ningeandika namna gani. Nikamwambia siandiki bure. Tulibishana, mimi nimerudia Kiingereza, kila mtu kwa lugha isiyo yake, na mwisho akasema hivi: niandike ubao mmoja. Watu wakija, atanipa kazi ya mbao zote, kutoka Nakuru mpaka Njoro, Elburgon na Molo, kila kituo, na karatasi ya kazi yenye muhuri wa kampuni ili ndugu yangu asisumbuliwe na polisi barabarani. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na bila karatasi hukutoka nje ya mji na mkebe wa rangi mkononi. Watu wasipokuja, nisirudi pale kwake.

Karatasi yenye muhuri, yenye kusema huyu anafanya kazi hii kwa fulani. Nilijua kuna mtu Molo ambaye hiyo ingemtosha.

Usiku ule nilikaa na ndugu yangu kwenye kizingiti. Nilimwambia mama hanunui mkebe huu. Mama ana maziwa yake, na akiwa hana ataomba kwa jirani mwenye ng'ombe, na akikosa atapika uji.

"Basi ananunua nani?"

"Mtu aliyeachiwa mtoto na hana cha kumnyonyesha."

"Nani huyo?"

"Nyanya yake."

Nilisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nilikuwa nimeshayaona maneno yote kichwani, yamejipanga. Nikamwandikia kwa chokaa sakafuni: NYANYA! MJUKUU AKILETWA KWAKO ATAKUNYWA NINI?

Ndugu yangu alisoma, akanitazama.

"Hili ni tangazo au unamgombeza mama mkwe?"

"Wewe paka rangi."

Alipaka. Alikuwa amebakiwa na nyekundu tu, iliyotoka kwenye lori la mtu wa mbao, na nyeupe kidogo. Aliandika NYANYA! kwa herufi za kimo cha mkono kwa sababu alipenda kuanza kwa nguvu. Ubao ukamwishia. Yale mengine akayabana chini kwa herufi ndogo, mstari mmoja juu ya mwingine, ukitaka kusoma mpaka usogeze pua. Pembeni akachora uso wa mtoto anayecheka. Uso wa duara, mwekundu, unaong'aa, na nywele chache juu zimesimama. Mimi niliona ni mtoto. Niliona mtoto hata nikaona anafanana na wangu kwenye paji. Nikasema, "Ni mzuri." Tukauweka alfajiri mahali pa ule wa bluu.

Nilirudi sokoni jua limepanda. Kutoka mbali nilisikia kelele, nikafurahi, au nikafanya kile nilichokuwa nikifanya siku hizo badala ya kufurahi, nikaongeza mwendo.

Mbele ya ubao walijaa wanawake. Wanawake na vikapu. Wale wenye vishamba vya kuiba kando ya reli, wale wa nyuma ya kambi ya askari, wengine sijui walitoka wapi, na kila mmoja ana kikapu, na kila kikapu kimejaa nyanya. Nyanya za kula. Mbivu, mbichi, zilizopasuka. Nyekundu kila mahali.

"Mzungu mwenyewe yuko wapi?" mmoja aliniuliza. "Tumengoja tangu mapambazuko."

"Mzungu gani?"

"Anayenunua nyanya. Si ameandika?"

Nikageuka nikautazama ubao kutoka pale walipokuwa, si kutoka sakafuni kwa ndugu yangu. Neno moja kubwa jekundu. Na pembeni, hapana, haikuwa mtoto. Hata kikonyo kilikuwapo.

Mimi niliyesahihisha ubao wa watu. Mimi mwenye sekondari.

"Mama, si nyanya hiyo," nikamwambia. "Ni nyanya. Mama wa mama. Bibi."

Alinitazama kwa huruma. "Bibi ndiye ananunua?"

Wakati nikitafuta jibu akaja askari mwenye kirungu, akisukuma watu. Siku zile watu wakisimama pamoja wakazidi wachache, askari hakuuliza mara mbili, na kulikuwa na lori lenye waya likingoja nje ya soko kwa kazi hiyo.

"Mkutano wa nini huu? Nani amewapa ruhusa?"

Nikaona mwanamke mmoja ameanza kumfunga mtoto wake mgongoni, haraka, kimya, kama mtu aliyezoea kukimbia. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Si mkutano, afande. Ni soko. Leo nyanya ni nyingi."

"Mbona zote ziko mahali pamoja?"

"Afande, wewe ungetaka zitawanyike?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wengi. Askari aliangalia ubao. Alisoma polepole, midomo ikitembea, neno lile moja tu. Akaangalia vikapu. Akainama akachukua nyanya mbili kubwa, akazifuta kwa shati, akaenda zake. Yule mwanamke akamfungua mtoto wake akamweka chini.

Baada ya hapo wanunuzi wakaja, maana palipo na nyanya nyingi namna hiyo watu wanajua bei imeshuka. Wapishi wa Wazungu wakaja na vikapu vya memsahib. Mwenye hoteli ya chai akaja na kanzu yake, akaniona, akajifanya hakuniona, akanunua. Mpaka mchana hapakuwa na pa kukanyaga.

Na ndipo Mzungu wangu akafika kwa gari lake. Alisimama mlangoni mwa soko, mikono kiunoni, akatazama umati wote ule uliosongamana chini ya ubao wake. Hakuona vikapu. Au aliviona akadhani ni kawaida ya wanawake Waafrika kutembea na nyanya. Aliponiona alinipungia mkono kama tumekua pamoja.

"Watu mingi!" alipiga kelele. "Mzuri! Mzuri sana kabisa!"

Ningeweza kumwambia. Kiingereza nilikuwa nacho na Kiswahili nilikuwa nacho. Nilifikiria chumba cha Molo na mtoto anayejifunza kutembea kwenye sakafu nisiyoijua, nikasema, "Ndiyo, bwana."

Kesho yake alinipa karatasi yenye muhuri. Huyo ndiye mteja wetu wa kwanza. Wa pili alikuja mwenyewe, mwanamke wa viazi aliyekuwa na meza yake karibu na ule ubao. Alinishika mkono nikipita.

"Wewe ndiye uliyewaandikia wenye nyanya?"

"Ndiyo."

"Mbona unabagua? Niandikie na mimi viazi. Hivyo hivyo, kubwa, jekundu. Na usiweke yale maneno madogo ya chini, yanaharibu."

Nilimwandikia. Mbao za maziwa nazo niliziandika upya, nikabadilisha nyanya kuwa bibi, na ndugu yangu nikamkataza kuchora nyuso. Sijui kama ziliuza mkebe hata mmoja. Hakuna aliyeniuliza.

Ubao wa Molo tuliupeleka kwa lori la kampuni. Ndugu yangu alikaa nyuma na mbao, mimi mbele na dereva, mtu mzima mpole aliyeniita mwalimu tangu aliposikia nilikuwa mwalimu. Kupanda kuelekea Sachangwan lori lilinguruma gia ya chini muda mrefu, na mimi nikawa napanga maneno. Nilikuwa na mengi. Nilipanga nitakavyoingia, nitakavyoweka karatasi mezani, nitakavyomwambia: haya, mtu akikuuliza mke wa mwanao anafanya nini, msomee. Hasomi, nilijua, na hilo nalo nililiweka ndani ya maneno yangu makusudi. Nilipanga nitakalosema akikataa. Nilitaka akatae. Nilikuwa nimeitunza hasira ile muda mrefu hata nikaona ni haki yake itumike.

Baridi ya Molo ilitupokea na ukungu. Tukausimamisha ubao mbele ya maduka, kisha dereva akanipeleka mpaka kwenye kambi ya wafanyakazi ya shamba la pareto, mahali wakwe zangu walipoishi.

Mama mkwe alikuwa nje, kwenye kigoda, akimenya viazi. Mtoto alikuwa anatembea. Hashikilii kitu. Alikuwa amevaa sweta nisiyoijua, ya sufu ya kijivu, imefumwa kwa mkono, na mashavu yake yalikuwa yamejaa. Hakohoi. Alinitazama, akaenda akasimama nyuma ya kigoda, akashika nguo ya nyanya yake.

"Nimepata kazi," nikasema. Nikatoa karatasi.

Aliipokea kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa na maji ya viazi, akautazama muhuri, akaigeuza karatasi, akaitazama nyuma ambako hakuna kitu, akanirudishia.

"Kazi ya nini?"

"Ya matangazo. Ya maziwa ya mkebe, ya watoto."

"Mkebe?" Alishangaa kweli. "Na ng'ombe yuko hapo?" Alionyesha kwa kisu. Ng'ombe alikuwako, mmoja, mweusi, amefungwa kwenye kigingi, anacheua.

Nilingoja akatae.

"Haya," alisema. "Ni kazi. Nilisema nitakupa."

Akainuka. Akaingia ndani, akatoka na shuka ndogo na chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi la hindi, akavifunga pamoja kwenye leso yangu, ile ile, imefuliwa. Akaniambia usiku mtoto hapendi kufunikwa miguu. Akaniambia uji wake usiwe na sukari nyingi. Akamwinua akamweka mikononi mwangu, kisha akakaa tena kwenye kigoda akaendelea kumenya. Sufuria ilikuwa imeshajaa viazi, vya kutosha watu wa kambi nzima. Alimaliza kimoja, akachukua kingine.

Maneno yangu yote yalibaki pale pale nilipoyapanga. Hakuna hata moja lililotakiwa. Nilisema, "Asante, mama," na sauti ilikuwa ya mtu anayepokea chenji.

Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka, na kichwa chake kilinuka moshi wa jiko lisilo langu. Mpaka tunafika kwenye lori alikuwa kimya, ananitazama kidevu. Dereva alipowasha injini ndipo alipoanza. Alijipinda, akapanda begani kwangu, akanyoosha mikono kwenye dirisha la nyuma, kule kwenye ukungu na mtu kwenye kigoda, akalia kwa sauti yake yote, "Mama! Mama! Mama!" Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno.

Dereva aliendesha kidogo, akiangalia barabara.

"Anakuita, mwalimu," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Nimemsikia."